Dada Yangu wa Norwe

Kama unasoma haya ukiwa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango uliobandikwa karatasi ya "Ingia ukiitwa", songa kidogo nikae. Viti hivyo nimevikalia mpaka kimoja kikachukua umbo langu. Nikienda msalani, watu walikuwa wanaona bado niko. Sitakueleza uvimbe unaanzaje wala seli zinafanya nini mwilini. Hiyo ni kazi ya daktari wako, na usipomwelewa mwambie arudie hata mara tisa, hatakula mtu. Mimi nitakueleza yale ambayo hayaandikwi kwenye karatasi unazopewa: kungoja, nywele, vidole, dada yangu Njeri, na mwanamke mmoja wa Norwe ambaye hajui kama nimewahi kuzaliwa, lakini kwa miezi mitatu ndiye aliyekuwa ameandikwa kwenye faili langu kama mtu wangu wa karibu.

Naitwa Wanjiru. Majirani wananiita Mama Kim, kwa sababu ya mwanangu Kimani ambaye yuko kazini Doha. Mume wangu alifariki zamani. Nakaa Waithaka, kwenye kipande cha shamba alichotuachia mama mimi na Njeri: nyumba mbili zinazotazamana, mfereji mmoja, kamba moja ya nguo. Nashona sare za shule. Kidato cha nne nilimaliza nikiwa na miaka arobaini na minne, shule ya jioni pale Ngara, na cheti changu nimekitundika kwenye fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililonipa uongo wangu.

Uvimbe niliupata mwishoni mwa Oktoba, nikijizungushia utepe kifuani ili nijipime blauzi. Utepe ulipanda mahali ambapo haukuwa ukipanda. Wiki tatu baadaye nilikuwa Hurlingham, kwenye kituo cha matibabu kilicho ghorofa ya pili, mbele ya daktari mpole mwenye sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Akasema nitapewa kemo, ile dawa ya kutundikiwa mshipani, mara nane, kila wiki ya tatu, halafu nipasuliwe, halafu nichomwe na miale. Akauliza nimekuja na nani. Nikamwambia nimekuja na mkoba.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia mtu. Mama yetu aliugua ugonjwa huu huu. Siku ya pili tu tangu habari itoke, boma lilijaa. Wamama wa kikundi walikuja na masufuria, na benchi, na nyimbo, wakala, wakaomba, wakahesabu kwa sauti wote waliowahi kufa kwa ugonjwa huo kuanzia Dagoretti hadi Murang'a. Mama alikuwa analazimika kuketi wima awapokee. Nakuambia ukweli, mama alipika chai nyingi akiwa mgonjwa kuliko aliyopika akiwa mzima. Na Njeri, mdogo wangu, alikuwa akiingia chumbani kila asubuhi na kuangua kilio, mpaka mama anaacha kuugua kwanza ili ambembeleze. Baada ya mazishi nilimwambia Njeri neno ambalo halikurudi tena mdomoni. Nilimwambia alimlilia mama kama maiti wakati mama bado anamsikia. Tangu siku hiyo, miaka sita, mimi na yeye tuliongea mambo ya maji na kufuli la geti.

Kwa hivyo nilipopewa habari zangu, nilizikunja. Nyumbani nikasema nimerudi Ngara kusoma kompyuta. Kila wiki ya tatu nilikuwa natoka asubuhi na daftari jipya kwenye mkoba, natembea mpaka barabarani nikiwa nimeinua kichwa kama mkaguzi wa shule, na kuteremka Hurlingham.

Chumba cha kemo kina viti sita vikubwa vya ngozi, vyenye umri wa Nuhu, na televisheni moja juu ukutani. Rimoti yake ilikuwa imepotea. Televisheni ilikuwa imekwama kwenye stesheni ya michezo, na kwa vile ilikuwa Desemba, na Desemba huko Ulaya ni baridi, michezo yenyewe ilikuwa ya theluji kuanzia asubuhi hadi wanakuchomoa sindano. Nje jua linapasua paa za magari pale barabara ya Argwings Kodhek, na ndani sisi tunatazama watu wakipukuta barafu kwenye nyusi.

Aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu alikuwa Mzee Harbans, Kalasinga mrefu mwenye kilemba cha samawati, ambaye alikuwa na duka la vitambaa Ngara kabla watoto wake hawajahamia ng'ambo. Siku ya kwanza aliniuliza daftari ni la nini. Nikamwambia kwamba mimi ni mwanafunzi wa shule ya jioni, nikamtajia na jengo. Akanigeukia.

"Ghorofa ya kwanza? Ngazi ya kijani?"

"Hiyo hiyo."

"Mama, chini yake ilikuwa duka yangu. Miaka yote hiyo ni nyinyi mlikuwa mnavuta viti juu ya kichwa yangu?"

Nikamwomba msamaha kwa niaba ya darasa zima. Kuanzia siku hiyo akaniita Mwalimu, na hakukubali nimsahihishe.

Ni yeye aliyenifundisha mchezo wenyewe, ingawa naye alikuwa amejifunza kwa kutazama tu. Unafanywa siku moja, mara mbili. Kwanza unapanda mnara mrefu kuliko majumba yote ya Upper Hill yakibebana mgongoni, unafungwa mbao mbili ndefu miguuni, zinaitwa skii, unateremka kama gunia la viazi lililotupwa kutoka kwa lori, na mwisho wa mteremko unaruka. Huna kamba. Huna chochote. Unalala juu ya hewa, na unatua mguu mmoja mbele kama anayeomba radhi. Halafu baadaye, siku hiyo hiyo, unavaa skii nyembamba na kukimbia kilomita tano kwenye theluji. Na hapo ndipo ujanja ulipo: yule aliyeruka vizuri kuliko wote anaanza kukimbia peke yake. Wengine wanazuiwa mstarini. Kila mtu anahesabiwa sekunde alizopungukiwa hewani, na anaachiliwa zikiisha.

"Wazimu," akasema Mzee Harbans kwa furaha. "Kwanza unatupwa, halafu wanakuambia sasa kimbia."

Nikamwambia kwamba hiyo ni kemo.

Wanaume walikuwa wengi, lakini mimi nilikuwa nawangoja wanawake, na kati ya wanawake nilikuwa namngoja mmoja. Jina lake ni Turid. Alikuwa na mashavu mekundu kama nyanya za Wangige na alikuwa akipuliza pumzi mara tatu kabla ya kuteremka, kama mtu anayepoza uji. Mimi nilimpa jina la kwetu, Nyambura, kwa sababu Nyambura ni wa mvua, na theluji ni mvua tu iliyochelewa kufika. Mzee Harbans alikubali mara moja. Tukawa tunauliza: leo Nyambura anaruka saa ngapi?

Nikiwa nyumbani, siku zile ambazo nilikuwa siwezi hata kunusa sufuria, nilikuwa namtafuta kwenye simu. Kimani alikuwa akininunulia bando akiamini namalizia masomo, na mimi nilizimaliza zote Norwe. Nikajua maisha yake kuliko ya binamu zangu. Baba yake alikuwa dereva wa mashine ya kufagia theluji. Akiwa wa miaka saba alikuwa anaruka na wavulana, na wavulana wanakuja nyuma yake. Alipokua akaambiwa achague, kuruka au kukimbia, kwa sababu vyote viwili pamoja ni vya wanaume. Nilipofika hapo nilisimamisha video. Na mimi niliambiwa nichague, kushona au kusoma, nikiwa na miaka kumi na tano. Turid hakuchagua. Alingoja, akifanya mazoezi ya mashindano ambayo hayapo, mpaka mashindano ya wanawake yakaanzishwa, na yalipoanzishwa alishinda mpaka wenzake wakawa wanasalimiana tu kwa nafasi ya pili. Lakini ile michezo mikubwa, ile ya dunia nzima ya kila baada ya miaka minne, mlango wa wanawake haukufunguliwa. Wanaume wakaenda. Yeye akabaki nyumbani akiwatazama kwenye televisheni, kama mimi nilivyokuwa namtazama yeye.

Halafu upepo ukampindua mazoezini. Goti lilikwenda kule, yeye huku. Misimu miwili hakuonekana. Aliporudi, ndio msimu huo wetu, alikuwa haruki tena mbali. Anaogopa kidogo, mtu aliyewahi kuanguka unamjua. Kwa hivyo alikuwa anaachiliwa mstarini akiwa nyuma sana. Walio mbele walishaingia msituni. Walio nyuma hawajaachiliwa. Kamera ikimpitia, ilimkuta katikati ya weupe mtupu, peke yake, anasukuma fimbo zake mbili, hakuna anayemfukuza na hakuna wa yeye kumfukuza.

Picha hiyo nilikuwa naijua. Ilikuwa ni mimi natoka Hurlingham.

Nywele zilinitoka wiki ya Krismasi. Hazikuanguka moja moja, zilihama kwa pamoja kama wapangaji wanaofukuzwa. Nikajifunga kitambaa cheupe, maana ndicho kilichokuwa kimebaki kwenye mizigo ya sare. Kucha zikawa nyeusi. Ulimi ukawa kama nimelamba sarafu. Na vidole vikaacha kuhisi. Hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu Januari ndio msimu wa sare, na mimi nakaa kwenye cherehani sijui sindano iko wapi. Siku moja nilikuwa namalizia kola nyeupe, nikaona doa jekundu linaenea juu yake, nikaanza kutafuta nani amemwaga juisi. Ilikuwa damu yangu. Kidole kilikuwa kimetobolewa zamani, mimi sina habari.

Siku ya Krismasi nilisikia Njeri akichoma nyama upande wa pili wa ua. Moshi ulinifuata mpaka chumbani. Nilikuwa namsikia akiongea na watu, anacheka, halafu ananyamaza. Hakunigongea. Nilimtumia Kimani picha yangu ya mwaka uliotangulia, na kuandika chini yake "Niko sawa." Halafu nikamtafuta Nyambura kwenye simu, nikamtazama akiruka miruko ya zamani, ile aliyokuwa anaruka mbali, mmoja baada ya mwingine mpaka simu ikafa.

Na baada ya mwaka mpya nikasikia habari zangu dukani. Mwenye duka alinipa sukari akiwa amerudi nyuma hatua moja, akanipongeza kwa kuokoka upya. Nikamuuliza kuokoka wapi. Kumbe Njeri alikuwa ametangaza Waithaka nzima kwamba nimejiunga na dhehebu la wale wa vilemba vyeupe. Niliumia. Nilijua tuna ugomvi, lakini sikujua tumefika mahali pa kutangazana. Na ni kweli, tangu hapo hakuna aliyekuja kwangu. Hata yule mama aliyekuwa anakuja kila Jumamosi kuniazima sindano na kukaa saa tatu, hakuja. Geti lilikuwa linalia kwa upepo peke yake.

Sasa kuhusu fomu. Kila nikifika Hurlingham, dada wa mapokezi alikuwa ananionyesha ileile sehemu tupu: jina la mtu wa karibu, uhusiano, nambari ya simu. Kila mara nilimwambia nitajaza nikitoka. Kemo ya nne, mwisho wa Januari, aliishikilia kalamu mbele yangu na watu nyuma wakaanza kukohoa. Nikaichukua. Nikaandika: Nyambura Turid. Uhusiano: dada. Na nambari ya simu nikaandika ya laini yangu ya pili, ambayo naitumia kwa wateja wa sare. Niliandika haraka, kama mtu anayeruka, na nilipoketi kwenye kiti changu nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja. Angalau nilikuwa na mtu.

Mzee Harbans hakuja kwenye kemo ya sita. Sikuuliza, kwenye chumba kile hatuulizani. Kemo ya saba kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Muuguzi wetu, Sista Akinyi, alikuwa amekitandika upya, na alipoinua mto ili aufute akakuta rimoti. Mzee alikuwa ameikalia msimu mzima. Sista akaitazama, akanitazama, akasema huyu mzee alikuwa mjanja. Yule mtu mpya akaomba awekewe habari. Nikajikuta nimesema hapana, kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuitoa katika chumba hicho, nikaomba waache tu mpaka mbio za wanawake ziishe.

Zilikuwa mbio za mwisho za msimu, na za mwisho za Nyambura. Miruko yake ilikuwa mifupi. Alikimbia katikati ya weupe wake. Alifika wa kumi na moja, akaanguka chini baada ya mstari kama nguo iliyotoka kwenye kamba, na wale wasichana wote kumi waliomtangulia walikuwa hawajaondoka. Walikuwa wamemngoja. Wakamwinua. Wiki ile akatangaza kwamba ameacha, bila kuwahi kuingia kwenye ile michezo mikubwa. Nilitazama mahojiano yake kwenye simu, na kwa Kiingereza changu cha shule ya jioni nikasoma maneno yaliyokuwa yanapita chini. Walimuuliza haogopi kule juu, peke yake. Akasema hajawahi kuruka peke yake. Akaeleza kwamba pale juu ukiwa umeketi kwenye ubao, hujui upepo, huoni unakokwenda. Chini kidogo, pembeni, anasimama kocha ameshika bendera. Unamwangalia yeye tu. Akiishusha, unakwenda.

Nilirudi kutazama miruko yote. Ilikuwa kweli. Kila mmoja, kabla hajapuliza pumzi ya tatu, alikuwa anatazama mahali fulani upande wa kushoto, nje ya picha. Msimu mzima sikuwahi kuuliza anatazama nini.

Mvua ya masika ilianza na kemo ya nane. Nikamaliza. Wiki iliyofuata nikaitwa kujiandaa kwa upasuaji, na tukawa tumeketi, mimi na Sista Akinyi, kwenye meza yake ndogo, anapitia karatasi zangu. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Akasema ngoja nimpigie huyu dada yako nimwambie siku. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshabonyeza.

Jogoo akawika ndani ya mkoba wangu. Huo ndio mlio ambao Kimani aliniwekea kwenye laini ya wateja, ili nisikose simu. Aliwika vizuri. Aliwika mpaka watu wa mapokezi wakachungulia.

Sista Akinyi alitazama mkoba. Akatazama simu yake. Akaikata, jogoo akanyamaza. Akapiga tena, jogoo akawika.

"Mama Kim, dada yako anakaa kwa mkoba?"

"Anakaa Norwe."

"Norwe ya wapi?"

Nikaonyesha televisheni kwa kidevu. Nilidhani atacheka, na mimi nilikuwa tayari kucheka naye, ndiyo tabia yangu, nimecheka mpaka kwenye mazishi. Hakucheka. Alivuta kiti chake kikaja upande wangu wa meza.

"Sikia. Daktari hawezi kukupeleka tiata na jogoo. Lazima kuwe na mtu wa kukuleta, angoje, akurudishe. Upasuaji ni Alhamisi ijayo. Ukikosa mtu, hiyo nafasi inapewa mwingine, na wewe si wa kurudishwa nyuma. Hiyo dawa yote umekunywa kwa mshipa itakuwa bure."

"Sina mtu."

"Kila mtu ana mtu. Labda huongei na yeye tu."

Nilirudi Waithaka bila daftari. Nililisahau pale mezani. Kwa siku tatu nilijaribu kuunda sentensi. Niliijaribu mbele ya kioo, nikaijaribu kwa cherehani. Siku ya nne mvua ilipumzika kidogo, Njeri akatoka kuanika. Nikatoka na beseni langu, ingawa nguo zilizokuwemo zilikuwa kavu. Nikaanza kuanika nguo kavu.

Nikamuuliza kama Alhamisi ana kazi. Akasema yeye ana kazi gani. Nikasema kuna mahali nataka anisindikize. Alikuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa.

"Hospitali ni saa ngapi?"

Nikamuuliza nani amemwambia ni hospitali.

"Shiru," akasema. Hakuwa ameniita jina hilo la utotoni tangu mama afe. Nilikuwa Mama Kim kama kwa majirani. "Shule gani ya kompyuta inakurudisha na plasta mkononi kila wiki ya tatu? Na wewe hujui hata kuwasha kompyuta."

"Umejua tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi. Nilikuona ukifagia nywele."

"Na hukusema kitu."

"Ungefanya nini nikisema? Ulinikataza kulia mbele ya mgonjwa. Nikaona wacha nikae upande wangu nijifunze kujizuia kwanza. Nimejifunzia kwa kuku. Hao kuku wamenisikia mpaka wamechoka."

Hapo nilikuwa bado na hasira yangu moja, nikaitoa. Nikamuuliza kwa nini basi alinitangaza kwa vilemba. Akainama, akaokota nguo iliyoanguka, akaikung'uta kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

"Wamama wa kikundi walikuwa wameona umekonda. Walikuwa wamepanga kuja na masufuria na benchi, Jumamosi. Nikawaambia umeingia kwa vilemba na hutaki wageni siku arobaini. Siku arobaini zikaisha, nikaongeza zingine. Sasa hivi uko siku mia na ngapi sijui." Akaibana nguo kwenye kamba. "Sikutaka upike chai."

Nilisimama na kitambaa changu cheupe, nguo zangu kavu zinaanza kulowa kwa mvua iliyokuwa inarudi. Upweke wote ule wa Januari na Februari, geti linalolia peke yake, yote nilikuwa nimeyahesabu kama chuki. Ilikuwa ni Njeri amesimama mlangoni pangu, kwa mbali, amenyoosha mikono.

Hakulia. Midomo ilikuwa inamtetemeka kama mfuniko wa sufuria, lakini hakulia.

Usiku wa kuamkia Alhamisi alilala kwangu, na asubuhi tukiwa njiani nilimweleza Nyambura, mnara, mbao na bendera. Akauliza, "Anaruka aende wapi?" Nikamwambia haendi popote, anatua hapo chini. Akasema wazungu wana muda.

Pale tiata kuna mstari mwekundu sakafuni ambao msindikizaji havuki. Walinisukuma kwenye kitanda, taa za dari zinapita juu yangu, mikono yangu haihisi shuka. Nilifika kwenye mlango ule mzito, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikamwomba anayesukuma asimame kidogo. Nikageuza kichwa kushoto.

Njeri alikuwa kwenye mstari. Alikuwa ameinua leso yake juu, ile ya maua ya kanisani. Aliishikilia hapo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, uso umekunjamana kama fundi, kana kwamba pale kwenye ukumbi wa hospitali kuna upepo wa kupimwa. Halafu akaishusha.

Nikapuliza mara tatu. Nikaenda.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo kulikuwa kwepesi. Kuruka kulikuwa kumeisha, sasa kukimbia. Niliamka na upande mmoja bapa kama meza ya kukatia nguo, na chupa ya kukusanyia damu ya kidonda inaning'inia ubavuni. Njeri alishona sare za muhula wa pili badala yangu, na kola zake zilikwenda upande, mpaka watoto wa Waithaka wakawa wanatembea wameinamisha vichwa kama wanaosikiliza redio. Julai, baridi ikiwa imefunika Dagoretti yote, nilichomwa na miale siku baada ya siku. Kwenye chumba cha miale kila mtu anatoka, hata anayekupenda, mlango unafungwa, na unabaki wewe na mashine inayonguruma. Dada au hakuna dada, hapo ni weupe mtupu. Nakuambia ili usishangae. Lakini ukitoka, kuna mtu kwenye benchi ana chupa ya uji, na uji ukiwa umepoa, ni kwa sababu amengoja sana.

Vidole vimerudi kidogo. Sindano naihisi, siku nyingine mapema, siku nyingine nikiwa nimechelewa. Nywele zimeota na mvi, na zimejikunja ambavyo hazikuwa zikijikunja. Mzee Harbans sikumwona tena. Wamama wa kikundi walikuja Septemba, siku zangu za vilemba zilipotangazwa kuisha, na Njeri aliwapa chai mwenyewe, akawatoa mlangoni baada ya nusu saa.

Mvua za vuli zilipoanza nilikwenda Hurlingham kuangaliwa. Pale juu ukutani theluji ilikuwa imeanza tena, wasichana wapya, siwajui majina. Sista Akinyi alinipa daftari langu, kumbe alilihifadhi miezi yote hiyo, kisha akafungua faili akasema turekebishe huu ukurasa wa kwanza. Akaandika jina la Njeri, dada, na nambari yake ya kweli. Halafu akaweka kalamu juu ya mstari wa zamani, tayari kuukata.

"Na huyu wa Norwe tumtoe?"

Nikamwambia Njeri akae juu, na huyo mwingine amwache hapo hapo chini yake. Hapa Nairobi hana mtu mwingine.